Jeraha Lisilo na Video

Wageni wanaofika Jamhuri ya Utulivu huuliza mambo mawili: maji ya kunywa yanapatikana wapi, na kwa nini watu wa huku hutembea wakitazama viatu vyao. La maji sina jibu. La viatu naweza kulieleza kuliko mtu yeyote, kwa sababu nimelitumikia miaka sita nikiwa Karani wa Ulinganifu, Daraja la Tatu, katika Idara ya Macho ya Magari, Makao Makuu ya Polisi. Nasimulia bila kinyongo. Serikali yetu ni nzuri, mshahara unafika, na kiti nilichopewa kina magurudumu.

Kabla ya kamera, polisi wetu walikuwa na tatizo la watu kuanguka. Mtu alipanda karandinga akiwa mzima, akashuka hana meno, na ukiuliza unaambiwa ameanguka. Walianguka kwenye viti, wakaanguka sakafuni, na mmoja alianguka kwenye dari. Wafadhili wakaingiwa na wasiwasi kuhusu ubora wa magari yetu. Wakatuletea kamera mia mbili za kufungwa kwenye dashibodi, zenye jicho moja la kutazama mbele na jingine la kutazama ndani, ili ijulikane watu hawa wanaangukaje.

Siku ya uzinduzi Kamishna wetu, Mheshimiwa Dokta Pandu Lwambano, alihutubia saa tatu nzima juani. Wanafunzi kumi na wawili walizimia, lakini kamera zilikuwa bado kwenye maboksi, kwa hiyo hawakuandikwa popote.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Kamishna. "Mmekuwa mkilalamika kwamba mnapigwa kiholela. Kiholela! Neno hilo limeniuma sana. Kuanzia leo hakuna mwananchi atakayepigwa kiholela. Kila kofi litakuwa na tarehe yake. Kila teke litakuwa na saa yake. Atakayevunjwa ubavu atakuwa na haki, narudia, haki, ya kujua umevunjwa dakika ya ngapi!"

Tulishangilia. Mimi nilikuwa safu ya pili, na nilipiga makofi mpaka saa ya mkononi ikafunguka.

Wafadhili walikuwa wameleta na kanuni, fupi tu. Ilisema kwamba jeraha lolote mwilini mwa mtuhumiwa ambalo halionekani kwenye video ni kosa, na kosa hilo linabatilisha ukamataji wote. Nafikiri walikuwa na maana kwamba tusipige watu. Lakini hawakuandika hivyo, waliandika hivi nilivyosema, na sisi ni watu wa kufuata maandishi. Wakubwa wakaenda kukaa hotelini siku nne, wakarudi na ufafanuzi. Ukamataji uliobatilika haujatokea. Na kwa kuwa usalama wa taifa unataka utokee, mtuhumiwa arudishwe pale pale alipotolewa, akamatwe upya, na upya tena, mpaka mwili na video vilingane.

Kulinganisha ndiko kulikokuwa kazi yangu. Nilipewa rula, kalamu na fomu. Naangalia video, nahesabu mapigo. Kisha namwangalia mtu, nahesabu majeraha.

Nisisahau kueleza tabia ya kamera zenyewe. Ukifungua mlango wa gari, kamera inaanza kuamka, na kuamka kwake huchukua sekunde arobaini. Taa ndogo nyekundu ikiwaka, imeamka. Kabla ya hapo haioni wala haisikii. Huko zilikotengenezwa, labda polisi wakishuka garini huanza kwa kuvaa kofia na kutazama hali ya hewa. Wetu ni wachapakazi. Sekunde arobaini kwao zilikuwa siku nzima ya kazi.

*

Ngwali Makame alikuwa fundi wa magodoro, mtaa wa Chumvini. Mtu mrefu, mpole, mwenye pamba kwenye nywele tangu asubuhi hadi jioni. Siku hiyo, saa tatu asubuhi, alikuwa anavuka barabara na godoro kichwani, hana hili wala lile. Gari letu lilikuwa limesimama kando. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimetumwa nikajifunze kazi ya uwanjani. Mbele alikaa Sajini Chogo, mwenye kilo mia moja na kumi na nishani mbili za upole.

Ngwali akainama dirishani. "Afande, hiki ndicho kile kidude chenu?" aliuliza, akiitazama kamera huku anatabasamu.

Kwa faida ya wageni: kuitazama kamera ya Serikali ni kosa. Ni kuipeleleza Serikali wakati inakupeleleza wewe.

Sajini alifungua mlango. Sekunde ya nne, goti lilikuwa tumboni mwa Ngwali. Sekunde ya tisa mdomo ulipasuka, na godoro likaanguka mtaroni. Sekunde ya kumi na tano mkono ulikanyagwa, mwingine ukapindwa. Ngwali alikuwa anasema "Jamani, jamani," kwa sauti ya mtu anayejaribu kusuluhisha wengine. Sekunde ya thelathini Sajini aliinama chini ya kiti, akachomoa spana ya kufungulia magurudumu. Sekunde ya thelathini na nane alimpiga nayo nyuma ya sikio la kushoto. Nilisikia kitu kikivunjika ndani ya kichwa cha mtu, na nikatamani kushuka niende zangu.

Taa nyekundu ikawaka.

"Habari za asubuhi, ndugu mwananchi," alisema Sajini, sauti yake imekuwa ya mtangazaji wa redio. "Mimi naitwa Sajini Chogo. Haki zako zote unazo. Tafadhali usianguke."

Baada ya hapo alifanya kazi ya marudio, kama ilivyo desturi. Goti alilipeleka tena tumboni, kofi tena mdomoni, buti tena kwenye kila mkono, taratibu, ili kila jeraha lipate video yake. Lakini spana aliirudisha chini ya kiti. Vifaa vilivyoidhinishwa kwa ukamataji ni vitano: kiganja, goti, buti, rungu na meza. Spana haimo, na Sajini alikuwa mtu wa sheria.

*

Ofisini nilimkalisha Ngwali kwenye stuli, nikaanza kupima. Majeraha matano. Video zilikuwa na manne. La tano, nyuma ya sikio, lilikuwa kishimo chenye pembe sita, upana wake sentimita mbili na nusu.

"Afande," nilimwambia Sajini, "hili la sikioni halina video."

"Huenda alizaliwa nalo."

Nilimgeukia Ngwali. "Ulizaliwa nalo?"

"Hapana, bwana karani. Nimelipata leo. Na wewe ulikuwa umekaa pale nyuma."

Nikaandika: *Maoni yanatofautiana.*

Nakiri kwamba nilijaribu. Nilipanda ngazi hadi kwa Kamishna, nikasimama kwenye zulia lake. "Mheshimiwa, mimi nilikuwepo. Niliona."

Kamishna alinitazama kwa huruma. "Una video yako ukiwa unaona?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Basi hukuwepo, kijana wangu. Nenda kapumzike."

Ukamataji ukabatilika. Kesho yake saa tatu asubuhi tulimrudisha Ngwali Chumvini, tukamsimamisha mahali pale pale, tukamtwika godoro lake lililolowa maji ya mtaro. Mke wake alitoka mbio, khanga inamdondoka begani. Huyu ndiye Bi Sikudhani, mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na kitu, aliyeshona foronya za magodoro ya mumewe kwa mkono. Alimkumbatia mumewe kiunoni, kwa sababu hapo ndipo alipofika.

"Wamekuachia, baba! Wamekuachia!"

"Hajaachiwa, mama," nilimweleza kwa adabu. "Hajakamatwa."

Alimgusa mumewe nyuma ya sikio, akautazama mkono wake. "Hajakamatwa? Mbona anatoka damu?"

"Hiyo ndiyo tunayoishughulikia."

Sajini akafungua mlango. Majirani waliofunzwa na maisha waliingia ndani, wakafunga madirisha. Bi Sikudhani peke yake alibaki barabarani, akipiga kelele jina la mumewe kwa sekunde arobaini ambazo hakuna kamera iliyozisikia. Safari hii mpango ulikuwa jeraha la sikioni lipigwe tena hadharani kwa rungu. Taa ilipowaka, Sajini alipiga kwa ustadi, milimita mbili tu kando.

Nilipima. Rungu lilikuwa limeacha uvimbe wa duara. Kishimo cha pembe sita kilikuwa bado pale pale, jirani yake. Majeraha tisa, video nane.

"Duara haliwezi kuwa pembe sita, Mheshimiwa," niliripoti.

Kamishna aliwaza sana. Aliitisha semina. Mtaalamu wa hisabati kutoka Chuo Kikuu alisoma makala ya kurasa thelathini, iliyothibitisha kwamba duara lenye nia njema hukaribia pembe sita. Alishangiliwa, akala chakula cha mchana, akaondoka. Rula yangu ilibaki inasema vile vile.

Tulimkamata tena Jumatatu. Tukamkamata Jumatano. Wiki iliyofuata tulimkamata mara tatu, kwa sababu Makao Makuu yalitaka kufunga hesabu za robo mwaka. Ngwali alikuwa sasa haoni kwa jicho moja, na mguu mmoja anauburuta, na kila nikimkalisha kwenye stuli ananiuliza, "Limelingana?" kama mgonjwa anayeuliza homa imeshuka. Nilikuwa namwambia bado kidogo. Alianza hata kutusaidia. Siku ya mwisho, taa ilipowaka, alivua kofia mwenyewe, akainamisha kichwa, akaweka kidole nyuma ya sikio.

"Hapa, afande. Hapa hapa. Piga vizuri basi tumalize, mke wangu ananisubiri."

Sajini alipiga vizuri. Ngwali Makame alikufa saa tano na dakika kumi na nne asubuhi, mbele ya kamera, akiwa amelala ubavu kwenye lami ya Chumvini. Bi Sikudhani alikuwa hatua sita kutoka pale. Hakulia. Alikaa chini barabarani, akaanza kumtoa pamba kwenye nywele, moja moja.

"Kifo kina video?" Kamishna alinipigia simu.

"Kinayo, Mheshimiwa."

"Mwanga ukoje?"

"Mwanga ni mzuri."

"Hongereni sana. Na lile la pembe sita?"

"Bado halina."

Nilimsikia akipumua upande wa pili, akiwa na uchungu wa kweli.

*

Mtu ambaye hajakamatwa hawezi kufia mikononi mwa polisi. Hilo liko wazi kisheria. Kwa hiyo Bi Sikudhani alikabidhiwa mumewe kwa fomu ya vitu vilivyookotwa. Kwenye kisanduku cha "Maelezo ya kitu" palikuwa na nafasi ya maneno matatu, na mimi niliandika *Fundi wa magodoro*. Lilikuwa jambo la pekee nililoweza kumfanyia.

Alimwosha mwenyewe, akamvisha sanda. Wanaume wa Chumvini walitoka kumzika, wengi, kimya, na kaburi likafukiwa kabla ya adhuhuri. Wengi wao nilikutana nao tena kazini wiki ile ile, kwa sababu katika ukaguzi wa majalada ilionekana kwamba Ngwali Makame ni mtuhumiwa ambaye hajakamatwa, mahali alipo panajulikana, na watu arobaini na watatu walikuwa wamesaidiana kumficha chini ya ardhi. Walikamatwa wote. Nilikosa nafasi kwenye fomu.

Kisha tulimfuata mwenyewe makaburini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Gari lilisimama kichwani mwa kaburi. Mlango ulifunguliwa, tukasubiri taa, maana kwa siku ile hapakuwa na mtu wa kushughulikia katika zile sekunde arobaini. Sajini alizitumia kula karanga.

Taa ikawaka. Sajini akainua kipaza sauti.

"Ngwali Makame! Umezingirwa! Toka, mikono juu!"

Kanuni inataka mtuhumiwa aitwe mara tatu, kwa nafasi ya dakika moja moja. Bi Sikudhani alikuwa amekaa kando ya kaburi, na ndoo ya maji ya kunyunyizia udongo. Baada ya mwito wa pili alisema, bila kuinua sauti, "Afande, huyo mtu hata alipokuwa hai hakuwahi kukaidi. Mngemwita kwa upole angekuja."

"Mama, toka kwenye eneo la video."

Alivutwa kwa miguu. Mwito wa tatu haukujibiwa. Sajini aliitazama kamera, akatangaza kwamba mtuhumiwa amekaidi amri halali, akapiga risasi kumi na moja ndani ya udongo. Baada ya hapo askari wanne walichimba. Walimtoa Ngwali, wakamsimamisha, akaanguka, wakampiga kwa kuanguka, wakamfunga pingu. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbavuni kwa ajili ya safari yake, na kuirudisha nyuma kulihitaji buti. Mkono wa kulia ulivunjika. Harufu ilikuwa ya kutosha kumfanya dereva atapike kwenye kofia yake.

Na mimi nilipima. Nilipiga magoti pale kwenye udongo, na leso puani, nikapima. Risasi saba zilikuwa zimempata, zote zina video. Jembe limemkata mara mbili, video ipo. Mkono, video ipo. Pingu, video ipo. Nikamgeuza kichwa. Nyuma ya sikio, pembe sita.

"Bado," nilisema.

"Mrudisheni alikotolewa," alisema Sajini. Kumrudisha maana yake ni kumweka ukingoni mwa shimo. Kufukia si kazi ya polisi.

Bi Sikudhani alimwosha tena kwa ndoo ile ile. Sanda ilikuwa vipande, akavua khanga ya juu akamfunika. Chumvini hapakuwa na mwanaume tena wa kumzika, kwa hiyo aliingia kaburini yeye, akampokea yeye, akafukia yeye. Nilibaki nyuma nikijifanya natafuta kalamu. Nilitaka kumsaidia, na sikumsaidia. Nilirudi nyumbani, sikula. Nilimchukia Sajini, nikajichukia mimi zaidi, maana Sajini hakuwa na rula.

Tulikwenda tena baada ya siku nane, tena baada ya siku sita, tena baada ya hapo. Mara ya nne hapakuwa na kitu cha kufungia pingu. Sajini aliamua kufunga pingu kwenye ubao wa kaburi. Nilisema ubao hauna sikio, nikaambiwa nisilete siasa.

*

Siku moja baada ya ile ya nne, Bi Sikudhani alikuja ofisini kwangu. Kucha zake zilikuwa zimeisha, zimejaa udongo mwekundu. Nilimpa kiti chenye magurudumu. Alikaa, kikamtoroka kidogo, akakishika kwa miguu.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuja kushtaki. Nimekuja kuuliza. Hili jambo linakwishaje?"

"Linakwisha likilingana, mama."

"Na lisipolingana?"

"Tunarudi, mama. Mkaguzi anakuja kila robo mwaka."

Uani palisikika mtu akipokelewa na Sajini, kwanza kelele, halafu taa ikawaka na tukasikia, "Habari za mchana, ndugu mwananchi."

"Hapana njia nyingine?"

Nikafungua kitabu cha kanuni. Sijui kwa nini nilikifungua. Nilikuwa nakijua kwa moyo. "Ipo moja, mama. Kifungu cha kumi na tisa. Jeraha lisilo na video, aliyelifanya akisimama mbele ya kamera na kueleza mwenyewe alivyolifanya, maelezo yake yanahesabika kuwa video. Jalada linafungwa siku hiyo hiyo."

"Na kaburi?"

"Halitaguswa. Mtuhumiwa anakuwa amekamatwa, amekufa, amezikwa, basi."

"Milele?"

"Jalada likifungwa hakuna anayelifungua. Hata ukiomba."

"Na aliyesema?"

Jeraha lile, daktari wa polisi alikuwa ameandika, ndilo lililopasua fuvu. Yale mengine yalikuja kulimalizia tu. "Aliyesema anashtakiwa kwa kuua, mama. Ni kamba."

Bi Sikudhani aliitikia kwa kichwa taratibu. "Sajini hawezi kusema."

"Hawezi. Ana nishani."

"Sikuuliza, mwanangu. Nilikuwa nasema tu." Akasimama, akakirudisha kiti mezani kwa mkono. "Mnakwenda tena lini?"

"Kesho saa nne."

"Basi tutaonana."

Nilimwona akitoka getini. Nilikuwa na usiku mzima wa kufikiri, na nilijua anakwenda kufanya nini. Nililala. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

*

Tulipofika makaburini alikuwa amesimama mbele ya kaburi, amevaa khanga safi, miguu imeoshwa. Kamishna mwenyewe alikuwa amekuja, kwa kuwa jalada hili lilikuwa limeanza kuulizwa na wafadhili.

Sajini alifungua mlango.

"Nina maneno," alisema Bi Sikudhani. "Lakini nangoja ile taa."

Sajini hakuwa amezoea mtu anayengoja taa. Nadhani hilo lilimtia woga. Alimpiga kofi, akamwambia apishe. Mama yule alianguka, akasimama pale pale. Sajini alimpiga rungu mkono wa kushoto, kwenye kiwiko, na nilisikia mfupa. Bi Sikudhani aliuma meno. Alikuwa anahesabu, kwa sauti ya chini: ishirini na moja, ishirini na mbili. Kwenye thelathini alipata la pili, chini ya bega, akapiga magoti. Aliendelea kuhesabu akiwa amepiga magoti. Kamishna alikuwa anasafisha miwani yake.

Arobaini. Taa nyekundu ikawaka, na Sajini akarudi nyuma, akashika kofia vizuri.

Bi Sikudhani aliinuka, akaitazama kamera moja kwa moja, jicho kwa jicho.

"Mimi ni Sikudhani, mke wa Ngwali Makame, wa Chumvini. Lile jeraha la nyuma ya sikio la mume wangu, nimelifanya mimi. Polisi hawahusiki. Muacheni alale."

Kamishna alivaa miwani yake. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata mtoto wa kiume uzeeni.

"Kwa kifaa gani, mama?" aliuliza.

"Spana ya kufungulia magurudumu ya gari."

Sajini Chogo alitazama chini.

"Wewe una gari, mama?"

"Sina."

"Sasa spana ulikuwa nayo ya nini?"

"Ya kumpigia."

"Imeeleweka vizuri sana," alisema Kamishna. "Karani! Inalingana?"

Wote walinigeukia. Rula ilikuwa mkononi. Nilimtazama Sajini, nikaitazama kamera, nikamtazama Bi Sikudhani. Yeye alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu anayekusubiri uvuke barabara.

"Pembe sita," nilisema. "Sentimita mbili na nusu. Inalingana, Mheshimiwa."

Kamishna alinipa mkono. Askari walipiga makofi, na mmoja alimpa pole Sajini kwa muda wote aliosumbuliwa na jalada lile. Pale pale ukingoni mwa kaburi, jalada la Ngwali Makame lilifungwa kwa uzi, likatiwa muhuri wa lakiri. Bi Sikudhani alisubiri mpaka lakiri ikauke. Aliigusa kwa kidole kuhakikisha. Kisha akatoa mikono yake mbele, wa kulia kwa urahisi, wa kushoto kwa kuubeba na wa kulia, na Sajini akamtia pingu mbele ya kamera, kwa upole wa nishani zake zote mbili.

"Karani," alisema Kamishna akipanda gari lake, "mpime na huyu, tusije tukapata matatizo."

Nilimsogelea na fomu mpya. Kiwiko kilikuwa kimevimba, kinageuka rangi. Chini ya bega ngozi ilikuwa imepasuka, damu inapenya kwenye khanga safi. Majeraha mawili ya rungu, yote ya zile sekunde arobaini. Hayakuwa na video. Kanuni ninaijua: ukamataji umebatilika, arudishwe alipotolewa. Nikiyaandika mawili haya, mama huyu hanyongwi kesho. Anarudishwa hapa kando ya kaburi la mumewe, na Alhamisi Sajini anafungua mlango. Na Jumatatu. Na Jumatano.

Kalamu ilinigandia mkononi. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Bi Sikudhani aliona ninapotazama. Kwa mikono yake yenye pingu alivuta khanga, akaishusha mpaka ikafunika bega, ikafunika kiwiko, ikafunika yote.

"Usiandike, mwanangu," alisema. "Mimi mara moja inatosha."

Kwenye kisanduku cha majeraha nikaandika: *Hakuna.*